NGUO IMEKATAA MWILINI, PESA NI YA NANI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, zamani kesi anazoletewa imamu baada ya swala ya Isha zilikuwa za ndoa, mirathi na mipaka ya viwanja. Siku hizi zimeongezeka kesi za abaya. Dada kamnunulia dada mwenzake nguo kwenye simu, pesa imetumwa, bodaboda kaleta mzigo, nguo imevaliwa mbele ya kioo, haipiti mabegani. Mnunuzi anaandika: "Naomba nirudishiwe hela yangu." Muuzaji anajibu: "Mzigo ukishatoka haurudi." Kesho yake mmoja kampiga mwenzake bloku, na mwingine kapeleka mazungumzo yote kwenye grupu la kina mama. Na wote wawili wanaswali safu moja.

Usiseme ni jambo dogo kwa sababu ni shilingi elfu sitini tu. Haki ya mja haina udogo. Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala zake, saumu zake na zaka zake, lakini huyu alimtukana na mali ya yule aliila, basi mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu mpaka yaishe. Huyo ndiye aliyemwita muflisi. Hadithi hii iko katika Sahihi Muslim. Sasa wewe jiulize, unataka swala zako za Tahajjud zikalipie abaya?

Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa utulivu, kwa sababu nimeona pande zote mbili zinashika neno moja tu na kuacha mengine. Muuzaji ameshika neno "hakuna kurudisha." Mnunuzi ameshika neno "hainitoshi." Mimi nasema: neno la kwanza halihalalishi pesa iliyopatikana kwa maelezo yasiyo sahihi, na neno la pili halimpi mtu haki ya kuvunja mauziano kila anapojisikia. Hasara inabebwa na yule ambaye kauli yake ndiyo iliyoileta. Hebu tuende hatua kwa hatua.

*1. KUUZA KITU KWA PICHA*

Wengi hawajui kwamba kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona ni mas'ala mazito katika fiqhi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu hii, kauli yenye nguvu ni kwamba kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi, kwa sababu kuna gharari, yaani kutojulikana kunakoweza kumdhuru mtu. Maulamaa wa Kihanafi wanasema inasihi, lakini mnunuzi ana khiyari akishakiona: akitaka atakichukua, akitaka atakiacha. Maulamaa wa Kimaliki na wa Kihanbali wanasema inasihi kikielezwa sifa zake sawasawa, na kikija kinyume na sifa hizo mnunuzi ana haki ya kurudisha.

Mwaka 1990, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Jeddah ikaangalia mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano, na ikakubali kwamba watu wawili walio mbali wanaweza kufunga mauziano kwa njia hizo. Simu zetu za leo zimeingia humo humo.

Lakini angalia jambo hili vizuri, ndugu yangu muuzaji. Wale waliokuruhusu kuuza bila mnunuzi kuona, walikuruhusu kwa sharti. Ama ueleze sifa kwa ukweli, ama mnunuzi awe na khiyari akikiona. Sasa wewe unachukua ruhusa yao, halafu sharti lao unaliacha mlangoni. Huelezi vipimo, na kurudisha hutaki. Hiyo ruhusa umeipata kwa mwanachuoni gani? Kwa Shafii hukuipata, kwa Abu Hanifa hukuipata, kwa Malik na Ahmad bin Hanbal hukuipata. Umejitungia mwenyewe.

*2. SAIZI SI MAPAMBO YA TANGAZO, NI SIFA YA BIDHAA*

Mtu anaponunua gunia la mchele anauliza kilo. Anaponunua kiwanja anauliza mita. Nguo je? Nguo inanunuliwa ili ivaliwe na mwili fulani. Kipimo chake ndiyo kusudio lenyewe. Kwa hiyo ukiandika "saizi L", umetoa kauli ambayo mtu ataijengea pesa yake.

Tatizo ni kwamba herufi hizi hazina mizani moja. L ya kiwanda cha China mara nyingi ni ndogo kuliko L ya Ulaya. Gauni namba 12 ya Uingereza si namba 12 ya Marekani. Ya Uingereza 12 inakaribia 8 ya Marekani. Abaya zinazotoka Dubai namba yake kwa kawaida ni urefu kwa inchi, 54, 56, 58, na namba hiyo haikwambii kitu kuhusu upana wa kifua wala mikono. Na mtumba ndiyo usiseme: lebo ina miaka, nguo imefuliwa mara mia, sweta la sufi limerudi, fulana imevutika. Lebo inasema ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Haisemi ilivyo leo.

Nililetewa kesi ya namna hii. Mnunuzi aliagiza abaya namba 56. Ilipofika ikamwishia juu ya vifundo vya miguu, haimsitiri. Muuzaji akashikilia: "Shehe, lebo hii hapa, imeandikwa 56, mimi nimekosa nini?" Nikaomba futi ya fundi cherehani. Tukapima kuanzia begani hadi pindo: inchi 53. Nikamwambia dada yule, shahidi wetu ni kitambaa, lebo ni maneno ya mtu ambaye hata hatumjui. Wewe uliinukuu kauli yake bila kuihakiki, ukaipokea pesa kwa kauli hiyo, basi kauli imekuwa yako. Alirudisha pesa yote pamoja na nauli ya bodaboda, Allah amjaze kheri, na waliondoka wanazungumza.

Mnaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akaingiza mkono wake katika rundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu ili watu wakione, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Ameipokea Muslim. Zingatia: mtu yule hakumwaga maji yeye, ni mvua. Kosa lake lilikuwa kuacha kilicho kikavu kionekane na kilicho kibichi kifichwe chini. Na wewe unapoipiga picha nguo imebanwa kwa pini mgongoni ili ikae vizuri kwenye mwanasesere, au unapoweka picha ya mwanamitindo aliyevaa nguo nyingine kabisa, kilicho kibichi umekiweka wapi?

*3. HALI TATU, HUKUMU TATU*

Sasa tuje kwenye ombi lenyewe la kurudishiwa pesa. Nguo isipotosha, hali zinaweza kuwa tatu, na kuzichanganya ndiko kunakozaa ugomvi.

*Hali ya kwanza:* muuzaji alitaja kipimo, na nguo imekuja kinyume chake. Alisema kiuno inchi 34, imepimwa ni 30. Alisema urefu 58, ni 55. Hapa mnunuzi ana haki kamili ya kurudisha na kulipwa pesa yake yote. Si hisani, ni haki. Na hili hata maulamaa wetu wa Kishafii wanalisema: ikishartishwa sifa inayokusudiwa katika bidhaa na sifa hiyo ikakosekana, mnunuzi ana khiyari ya kuvunja. Hata sheria za nchi hazikuacha jambo hili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake.

Iwapo uliuza kitu kisichokuwa maalumu, yaani umeagizwa "gauni la rangi hii na kipimo hiki" uliandae au ulitafute, basi kilichokuja kinyume hakijatimiza deni lako. Una deni la kuleta sahihi. Leta sahihi, au mkikubaliana rudisha pesa.

*Hali ya pili:* muuzaji alitaja vipimo sahihi, picha ni yenyewe, lakini mnunuzi hakujipima. Alijiona bado yuko kama alivyokuwa siku ya harusi yake. Au alipima juu ya nguo nzito. Au amenunua zawadi ya mkwewe kwa kukisia. Nguo ikakataa. Hapa ndugu yangu mnunuzi, muuzaji hakukudhulumu. Nguo si mbovu, sifa zimetimia, mauziano yamekamilika. Huna haki ya kumlazimisha. Unachoweza ni kumwomba kwa adabu, na akikataa usimwite tapeli, kwa sababu hilo nalo ni neno utakaloulizwa.

*Hali ya tatu:* muuzaji kaandika tu "saizi M" au "frii saizi", mnunuzi naye hakuuliza inchi, akatuma pesa. Hii ndiyo iliyojaa kwenye simu zetu. Rai yangu, nami naitoa kama rai, ni kwamba muuzaji apokee nguo na arudishe bei, na mnunuzi abebe nauli ya kuirudisha. Kwa nini? Kwa sababu nguo ilikuwa mkononi mwa muuzaji, na kuipima ni dakika moja. Mnunuzi hakuwa na njia ya kujua ila kupitia kwake. Mwenye kujua ndiye mwenye wajibu wa kubainisha. Lakini mnunuzi naye ana sehemu yake ya uzembe, alikuwa na ulimi wa kuuliza na hakuuliza, basi nauli iwe juu yake. Na hili neno "frii saizi" liacheni. Hakuna nguo inayomtosha kila mtu. Linaficha jambo badala ya kubainisha.

*4. "HAKUNA KURUDISHA" LINAKUOKOA NA NINI?*

Wauzaji wengi wameandika juu ya ukurasa wao: "Mali ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi." Wanaona wameshamaliza, kwa sababu Waislamu wanafungwa na masharti yao.

Ni kweli masharti yanaheshimiwa, ila sharti linalohalalisha haramu. Neno hilo linakuokoa katika ile hali ya pili tu, ambayo hata bila ya kuliandika ulikuwa huna wajibu. Halikuokoi na uongo wa kipimo. Halikuokoi na zipu iliyokufa, shimo la kwapani au doa ulilolikunja ndani ukapiga picha upande wa pili.

Fukaha wa Kishafii wamelizungumza kwa kina jambo la muuzaji kujivua na kasoro zote. Kauli yenye nguvu, kama alivyoitaja Imam Nawawi katika Minhaj, ni kwamba sharti hilo linamvua muuzaji na kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Vitu vingine haviingii. Mnyama ana maradhi ya ndani ambayo jicho halifiki. Nguo ina nini ndani ambacho jicho na futi havifiki? Igeuze tu.

Anayetaka mfano wa wafanyabiashara wa nguo amtazame Imam Abu Hanifa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufa. Inasimuliwa katika wasifu wake kwamba alimpa mshirika wake nguo akamwambia hii ina kasoro, ukiiuza mweleze mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza bila kueleza, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Abu Hanifa akatoa sadaka thamani ya bidhaa ile yote. Hakukuwa na mtu wa kumdai, hakukuwa na mazungumzo yaliyopigwa picha, hakukuwa na grupu. Alimwogopa Allah tu.

*5. NA WEWE MNUNUZI, USIJIFICHE NYUMA YA DINI*

Nisiwaelemee wauzaji peke yao. Wengi wao ni kina mama wanaolea watoto kwa pesa hizo, mtaji wao wote ni nguo ishirini ndani ya begi. Nao wanadhulumiwa.

Kuna dada ananunua gauni Alhamisi, analivaa harusini Jumamosi, Jumatatu anaandika: "Kumbe limenibana." Gauni linarudi linanuka udi na jasho. Huo ni wizi wa manufaa ya mali ya mtu. Maulamaa wetu wamesema kurudisha kwa kasoro ni papo hapo. Mtu akishaijua kasoro kisha akaendelea kukitumia kitu, au akachelewesha bila udhuru, haki yake imeanguka, kwa sababu ameonyesha ameridhika. Kuijaribu nguo mbele ya kioo ili uijue, hiyo si kutumia. Kutoka nayo nje ni kutumia.

Kuna mwingine anapeleka nguo kwa fundi kwanza, inakatwa pindo, inafumuliwa ubavu, ikishindikana ndipo anataka kuirudisha. Ukiikata umeitia kasoro mpya mkononi mwako. Hata kama ilikuwa na kasoro ya zamani, huwezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee hivyo. Kilichobaki ni aipokee kwa ridhaa yake, au akufidie kile tu ambacho kasoro ya zamani imekipunguza katika thamani.

Na kuna lililo baya zaidi. Mtu ameshapokea mzigo, amevaa, kisha anapiga simu kwa watoa huduma wa pesa za mtandao na kudai alituma kimakosa ili muamala urudishwe. Nguo anayo na pesa amerudishiwa. Ndugu yangu, kumbuka hadithi ya msafiri mwenye nywele timtim na vumbi, anainua mikono mbinguni na kuomba, na ilhali chakula chake ni cha haramu na vazi lake ni la haramu, atajibiwaje? Muslim ameipokea. Vazi, ndugu yangu. Nguo uliyoipata kwa hila ndiyo utakayoivaa ukasimame kumwomba Mola wako?

*6. MLANGO WA IQALA*

Turudi kwenye hali ya pili, ambapo muuzaji hana wajibu. Je, afunge mlango? Hapa ndipo dini yetu inapopendeza. Kuna jambo linaitwa iqala: mmoja amejuta, anamwomba mwenzake wavunje mauziano, na mwenzake anakubali kwa hisani. Katika hadithi ya Abu Hurayra aliyoipokea Abu Dawud na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba mwenye kumkubalia Muislamu kuvunja mauziano, Allah atamsamehe kuteleza kwake.

Lipime hili. Una abaya ya elfu sitini ambayo kesho utamuuzia mtu mwingine. Kwa kuipokea tu, unaahidiwa kusamehewa makosa yako. Na nani kati yetu hana makosa? Mtu anatafuta laylatul-qadr mwaka mzima, na mlango mwingine wa msamaha umebisha hodi kwenye simu yake, anaupiga bloku.

Lakini jueni na fiqhi yake. Kwa Mashafii, iqala ni kuvunja mauziano, si mauziano mapya, kwa hiyo ni kwa bei ileile. Ile tabia ya kusema "nitakurudishia ila nakata elfu kumi ya usumbufu" haiingii katika iqala. Mkitaka bei pungufu kwa ridhaa ya wote wawili, semeni wazi kwamba mnunuzi sasa anamuuzia nguo yake yule muuzaji kwa elfu hamsini taslimu. Hayo ni mauziano mapya, na mtu yuko huru kuuza mali yake. Ama kukata kimyakimya baada ya kuahidi kurudisha yote, hilo halifai.

Je, nauli? Katika iqala mwenye kuomba ndiye abebe nauli ya kurudisha na makato ya kutuma pesa, kwa sababu mwenzake anafanya hisani, na mwenye kufanya hisani hatwishwi gharama. Katika ile hali ya kwanza, ambapo kipimo kilikuwa cha uongo, naona muuzaji abebe vyote, kwenda na kurudi, kwani kauli yake ndiyo iliyomtia mwenzake gharama.

*7. "SHEHE, PESA NIMESHAITUMIA"*

Hili naliulizwa sana na wauzaji. Ombi la kurudishiwa limekuja na ni la haki, lakini pesa imeshanunua mzigo mwingine au imelipa ada ya mtoto. Jibu: ni deni. Usinyamaze. Usizime simu. Mwambie mwenzako: "Haki yako naitambua, sina leo, nitakupa tarehe fulani, au nitakupa nusu leo na nusu mwisho wa mwezi." Na wewe mnunuzi, Allah ametufundisha katika Suratul-Baqara, aya ya 280, kumpa muda mwenye dhiki mpaka apate wasaa, na kusamehe ni bora zaidi. Lakini mwenye uwezo akivuta siku, hiyo ni dhulma, Mtume (s.a.w.) ameiita hivyo.

Na kuhusu kutangaza: umedhulumiwa, umemwandikia kwa siri mara ya kwanza na ya pili, hajibu. Unaruhusiwa kusema kwa anayeweza kukusaidia, awe imamu, mzee wa mtaa au vyombo vya serikali, na kuwaonya wanaotaka kununua kwake, kwa kiasi cha dhulma ileile. Suratun-Nisaa, aya ya 148, imemtoa mwenye kudhulumiwa. Lakini kusema umbo lake, mume wake na mahari yake, hayo hayamo katika abaya uliyonunua. Hiyo ni ghiba.

*8. NINI KIFANYIKE*

Wewe muuzaji:

Uza kilicho mikononi mwako. Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Wengi wenu mnaweka picha ya nguo iliyoko duka la mtu Kariakoo, mnapokea pesa, ndipo mnakimbia kutafuta, saizi mkiikosa mnabeba iliyopo. Hapo ndipo nusu ya kesi hizi zinapozaliwa. Kama huna nguo, sema mimi ni wakala, nitakwenda kukununulia kwa pesa yako na ujira wangu ni kiasi fulani. Ni halali na ina baraka.

Pima kila nguo kwa futi: mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Sema kama umepima nguo ikiwa imelazwa au umezungusha mwili mzima, maana inchi 20 ikilazwa ni 40 kwa mzunguko. Sema kama kitambaa kinavutika. Kasoro ipige picha yake peke yake.

Toa khiyari. Kwa Mashafii sharti la khiyari lina kikomo cha siku tatu. Andika: "Ukipokea una siku tatu, isivaliwe nje, isikatwe, isifuliwe." Siku tatu hazitakufilisi. Mtu akijua anaweza kurudisha, ananunua bila hofu, na anamleta na dada yake.

Na wewe mnunuzi:

Jipime kabla ya kuagiza. Chukua nguo yako inayokukaa vizuri, ilaze, ipime, linganisha. Uliza inchi, usiulize tu "ipo saizi yangu?" Yeye hakuoni.

Uliza hukumu ya kurudisha kabla hujatuma pesa. Masharti yanazungumzwa mwanzo.

Mzigo ukifika, fungua siku hiyo hiyo, jaribu, na kama kuna tatizo andika siku hiyo hiyo, pamoja na picha ya futi juu ya nguo. Futi inamaliza mabishano ambayo maneno mia hayamalizi.

Andika kwa adabu. "Dada yangu, assalamu alaykum, nguo nimepokea, ulisema kifua 42, nimepima ni 38, naomba turekebishe." Si "we tapeli rudisha hela yangu."

Ndugu zangu, Mtume (s.a.w.) ameeleza katika hadithi ya Hakim bin Hizam waliyoipokea Bukhari na Muslim kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, wanabarikiwa katika mauziano yao, na wakificha na wakasema uongo, baraka inafutwa. Zingatieni, amewataja wote wawili. Baraka haigawanyiki, kwamba hii ya muuzaji na ile ya mnunuzi. Iko katika biashara yenyewe: inakuja kwa wote au inaondoka kwa wote. Ndiyo maana utamwona mtu anauza kila siku na begi lake haliongezeki, na mwingine ana wateja kumi tu, lakini kumi hao hawamwachi.

Basi wewe unayesoma hapa, kama kuna ombi la kurudishiwa pesa ambalo hujalijibu, limelala kwenye simu yako tangu wiki iliyopita, kabla hujaingia swala inayofuata lifungue. Angalia liko katika hali ipi kati ya zile tatu. Kama ni haki ya mtu, mpe. Kama si haki yake, mjibu kwa upole, na ukiweza mfanyie iqala. Na wewe unayedai, angalia vilevile, huenda unadai kisichokuwa chako.

Tunamuomba Allah atutosheleze na halali yake tusiihitaji haramu yake, azibariki biashara za mama zetu na dada zetu, na atukutanishe naye hatudaiwi na mja yeyote. Amin.

Wallahu a'lam. Mwenye swali aandike hapa chini kwa adabu, na aliyenufaika amfikishie mwenzake, hasa anayeuza na anayenunua.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.